Picha Iliyofika Nusu

Nshamba, Muleba
8 Februari 2024

Mwanangu Evarist,

Bwana asifiwe. Marahaba, nimekuitikia kabisa kabla hujaniamkia, maana najua utasahau. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Datius anakusalimu. Bado anafundisha hesabu darasa la saba na bado anarudi nyumbani na chaki masikioni. Bibi yako wa Kagoma alikuwa na kikohozi, lakini sasa anazunguka kibanja kizima akihesabu mikungu ya ndizi, na ukikatwa mmoja bila ruhusa yake habari inatufikia Nshamba kabla ya jioni. Baba yako, yaani huyo kaka yangu, mwambie anipigie. Ameoa ukimya siku hizi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Kila nikipiga unasema uko kwenye kikao. Karatasi haijui kikao.

Jambo lenyewe ni hili. Mnaujua mfumo wenu wa kutuma picha. Mwaka jana kituo chetu cha afya kilipopata mashine ya altrasaundi, mlikuja nyinyi vijana wa kompyuta kutoka Bukoba, mkaniambia: “Sista, ukimpima mama hapa, bonyeza hapa, na Daktari Klaudia ataiona picha hospitalini kwake Bukoba kabla hujanawa mikono.” Nilifurahi kuona kuwa mmoja wa vijana hao ni mtoto wa kaka yangu. Sasa tangu Januari picha zinatoka hapa nzima na zinafika kwake nusu. Juzi aliniandikia: “Naona kichwa cha mtoto. Kuanzia shingoni ni kijivu kitupu.”

Nikaamua kuchapa picha na kuzipeleka kwa basi. Konda akaiweka bahasha juu ya injini. Karatasi za mashine hii hazipendi joto. Zilifika nyeusi kama sufuria ya kukaangia senene. Daktari akajibu: “Sista, umenipigia picha ya giza?”

Kwa hiyo nakuletea flashi ndani ya bahasha hii, na konda nimemwonya. Kuna picha moja tu. Ni ya mama mmoja mwenye mimba ya wiki kumi na moja. Jina lake nimeliondoa. Mwite Mama wa Majaribio. Ameridhia mwenyewe uitumie unavyotaka, mradi mfumo upone. Usiulize zaidi ya hapo.

Shangazi yako,
Consolata


Bukoba
19 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimeamkia mstari wa kwanza kabisa, uandike popote kwamba sikusahau. Tumsifu Bwana. Baba hajambo, na nilipomwambia ulivyosema akacheka, akasema atakupigia akipata cha kusema. Mimi bado nimepanga chumba kile kile cha Kashai. Mvua ikinyesha dirisha linavuja, na mvua hapa inanyesha kila siku, kwa hiyo nimeshahamisha kitanda mara tatu na sasa kiko katikati ya chumba kama meza ya harusi.

Flashi imefika nzima. Konda alinikabidhi kwa mikono miwili, akasema, “Huyo mama aliyenipa hii ni mkali.” Nikamwambia ni shangazi yangu. Akasema, “Pole.”

Kuhusu picha, nadhani tatizo ni mtandao wa huko kwenu. Milima, mvua, unajua tena.

Ngoja nikueleze jinsi mfumo unavyofanya kazi, uone kuwa picha ina safari ndefu. Mfumo wa hospitali ni wa zamani, na unaelewa ujumbe wa maandishi tu. Wewe ukibonyeza “Tuma”, programu yetu inaandika barua: jina la kituo, namba ya mgonjwa, tarehe, swali lako kwa daktari. Picha si maandishi, kwa hiyo tunaigeuza iwe herufi. Kila vipande vitatu vya picha vinakuwa herufi nne. Ukiifungua barua hiyo utaona jina la mgonjwa, halafu kurasa elfu za herufi zisizosomeka, halafu “Wako, Nshamba”. Kule Bukoba zinageuzwa tena kuwa picha. Kwa hiyo picha inanenepa njiani. Hiyo yako ni ya megabaiti tatu. Ikigeuzwa inakuwa nne. Mtandao dhaifu unaweza kushindwa kuibeba.

Naifanyia kazi. Mpe salamu Mama wa Majaribio. Mtoto wake amekunja ngumi kama anataka kugonga meza.

Mwanao,
Evarist


Nshamba
11 Machi 2024

Mwanangu Evarist,

Bwana asifiwe. Hatujambo. Kaka yangu alinipigia hatimaye, tukaongea dakika mbili juu ya hali ya hewa, nikashukuru. Datius amepatwa na ugonjwa mpya: anaosha vyombo. Nikiinama kuchukua ndoo anakimbia kutoka sebuleni na daftari za wanafunzi zinamwagika. Majirani wanauliza nimempa dawa gani. Mimi nimeacha kahawa. Siku hizi harufu yake tu inanifukuza jikoni, na wewe unajua kwetu kukataa kahawa ni kama kukataa ukoo. Kwa hiyo tunakunywa maji ya moto na limau, tunatazamana.

Sasa nisikilize vizuri. Unasema ni mtandao wa huku. Jumamosi Datius alitazama mpira dakika tisini nzima kwenye simu yake, kwa mtandao huo huo, kwenye milima hiyo hiyo, na mvua ikinyesha. Watu ishirini na wawili wakikimbia, mashabiki, na matangazo ya biashara. Hakuna mchezaji aliyefika nusu.

Mimi si fundi wa kompyuta, ila miaka ishirini na moja ya ukunga imenifundisha kumjua mtu anayenieleza mambo mengi ili nisimuulize moja. Ulinieleza ukurasa mzima juu ya herufi. Sikuuliza herufi.

Mwezi wa nne Mama wa Majaribio atatimiza wiki ishirini. Hiyo ndiyo picha kubwa: wanapima moyo, mgongo, maji, na mahali kondo la nyuma lilipokaa. Mama huyu ana miaka arobaini na tatu. Nataka Daktari Klaudia aione picha hiyo yote, kuanzia juu mpaka chini. Chini hasa.

Tafadhali, mwanangu.

Consolata


Bukoba
25 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Pasaka nitaila hapa, bibi aniwekee sehemu yangu ya matoke na asimpe baba.

Nina habari ya kukufanya ucheze. Imepona.

Nimeacha kabisa kuigeuza picha kuwa herufi. Niligundua kwamba mfumo wa hospitali, pamoja na uzee wake, unakubali ujumbe wenye sehemu mbili ndani ya bahasha moja: barua sehemu yake, picha sehemu yake, ikiwa mbichi kama ilivyotoka kwenye mashine. Ndani ya barua hatuweki picha tena. Tunaandika lebo tu, kwamba picha ya mgonjwa huyu ni ile yenye jina fulani humo ndani. Mfumo wa Bukoba unasoma lebo, unakwenda kuchukua picha. Hainenepi hata kidogo. Megabaiti tatu zinaondoka, tatu zinafika.

Nimejaribu kwa picha yako mara sitini na moja. Nimeilinganisha na ya asili kipande kwa kipande, mamilioni yote, hakuna hata kimoja kilichopotea. Mara ya kwanza ilipofunguka nzima nilisimama nikapiga makofi ofisini peke yangu. Bosi wangu Penina alichungulia mlangoni akauliza, “Nani kazaliwa?” Nikamwonyesha. Akakaa, tukaitazama wote wawili kwa muda mrefu bila kufanya kazi.

Nimeshamjua huyu mtoto kwa moyo, Shangazi. Najua pua yake. Ukiniwekea picha mia moja za watoto nitamtoa yeye. Mwambie mama yake kwamba kuna mtu Bukoba ambaye kila asubuhi anafungua kompyuta na mtu wa kwanza kumwona ni mwanawe.

Tunaanza kuutumia rasmi Jumanne, tarehe pili ya mwezi wa nne. Tuma picha yoyote.

Mwanao mwenye furaha,
Evarist


Nshamba
8 Aprili 2024

Evarist,

Bwana asifiwe, na leo nakuamkia mimi, maana nimechoka kwa kucheka na kwa hasira, sijui kipi kimetangulia.

Unamkumbuka Mzee Kyaruzi, mwinjilisti mstaafu, yule aliyekufundisha kipaimara na kukuvuta sikio kwa ajili ya Amri ya Nane. Ana miaka sabini na sita. Ijumaa alikuja kupimwa tezi, kwa sababu haja ndogo inamsumbua. Nikatuma picha yake. Dakika hiyo hiyo, kwenye kompyuta ya pili, muuguzi mwenzangu Yuster akatuma ya Mama wa Majaribio, ile kubwa ya wiki ishirini. Baada ya nusu saa majibu yakaja. Mimi nilikuwa nafunga kidonda chumba cha pili, nikamwambia Yuster amsomee mzee.

Yuster ni mgeni kazini, na anasoma kilichoandikwa. Akasoma kwa sauti, mbele ya benchi zima la wagonjwa: “Mtoto mmoja. Moyo unapiga vizuri. Umri, wiki ishirini. Hongera sana.”

Mzee Kyaruzi akaweka fimbo chini. Akasema, “Binti, soma tena.” Yuster akasoma tena. Mzee akawaza, kisha akasema kwa utaratibu, “Sara alikuwa na miaka tisini. Lakini Sara alikuwa mwanamke.”

Nilikuta watu wamelala kwenye benchi kwa kucheka, na mama mmoja mwenye ujauzito nilimshika mkono nikihofia uchungu utamwanza. Mzee mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi. Jumapili ibada ilipokwisha watu walimpa nafasi ya kukaa, wakamuuliza kama anahitaji ndimu.

Halafu nikasoma majibu ya Mama wa Majaribio. Yameandikwa hivi: “Tezi imevimba kiasi. Apunguze kunywa maji jioni na aje baada ya miezi mitatu.”

Hapo sikucheka, Evarist. Maana yake daktari aliipata picha ya mama huyo, akaona moyo, akapongeza, ila picha ilimfikia ikiwa na jina la mzee. Na kwa vile mzee hana mimba, akadhani jina limekosewa kuchapwa na hakuendelea kuichunguza. Yaani sehemu ya chini haijasomwa na mtu yeyote. Niliitazama mwenyewe. Niliona kitu, nikazima mashine nikaenda nje kuhesabu migomba.

Nimesimamisha mfumo. Tumerudi kwenye bahasha, na injini, na konda.

Sasa niambie kweli, mwanangu, kwa maneno machache. Ilikuwa ni mtandao?

Consolata


Bukoba
12 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo.

Haikuwa mtandao. Ilikuwa mimi, mara zote mbili.

Mwaka jana tulipokuwa tunaujenga mfumo niliandika mstari mmoja unaosema: maandishi ya picha yasizidi megabaiti mbili, yakizidi yakatwe. Nilikuwa najaribu na picha ndogo, na nilikusudia kuuondoa kesho yake. Sikuuondoa. Mashine yenu ilipoanza kutoa picha kubwa Januari, mstari wangu ukawa unazikata, tena kimya kimya, bila kumwambia mtu kwamba umekata. Megabaiti nne zikifika, mbili zinapita. Ndiyo nusu uliyoiona. Niliujua wiki ile ile barua yako ya kwanza ilipofika. Mkataba wangu unatazamwa upya mwezi wa tano, nikaogopa, nikaandika juu ya milima na mvua.

La pili ni lebo. Kila picha nilipaswa kuipa jina lake peke yake. Mimi niliandika “picha1” wakati wa kujaribu, na kwa kuwa nilikuwa na picha moja tu, ya mtoto yule, haikugongana na kitu. Ijumaa kituo chenu kilituma picha mbili kwa wakati mmoja, zote zinaitwa “picha1”, na mfumo ukachukua iliyokuwa karibu. Majaribio yangu sitini na moja yote yalikuwa ya mtu mmoja. Nilipiga makofi mapema.

Barua yako ilipofika niliisoma nimesimama, nikaenda kwa Penina. Nikamwambia yote. Aliuliza, “Ulijua tangu lini?”

“Februari.”

“Na ukaniambia ni mtandao.”

“Ndiyo.”

Hakupandisha sauti, na bora angepandisha. Akasema, “Mkataba tutauzungumza baadaye. Kwanza vaa koti, twende ukamwambie daktari mwenyewe.”

Daktari Klaudia ni mfupi kuliko nilivyodhani, na ana kicheko kikubwa. Aliposikia ya Mzee Kyaruzi ilibidi avue miwani. Lakini aliponyamaza alifungua moja ya zile picha za Februari, akaweka kidole kwenye kijivu. “Unapaona hapa pasipo na kitu? Kwako ni data iliyopotea. Kwangu hapa ndipo kondo la nyuma linapokaa. Likikaa kwenye mlango wa kizazi na mimi sijui, mama anaanza uchungu nyumbani, na damu haisubiri basi.”

Nikarudi ofisini nikafungua programu.

Nimeondoa mkato. Sasa kila picha inapata jina ambalo haliwezi kurudiwa: namba ya kituo, namba ya mgonjwa, na sekunde iliyotumwa. Na ikiwa kitu kimepungua hata kipande kimoja, mfumo unakataa kwa sauti, pande zote mbili. Safari hii sikujaribu peke yangu. Penina na wenzangu wawili walikaa kwenye kompyuta nne, tukatuma picha mia mbili kwa mpigo, za tezi, za mbavu, za mimba, tukazihakiki moja moja. Kila picha ilifika kwa mwenyewe.

Tuma ya Mama wa Majaribio tena, leo ukipata barua hii. Daktari anaisubiri. Mwambie kwamba namwomba radhi.

Evarist


Nshamba
24 Aprili 2024

Mwanangu Evarist,

Bwana asifiwe. Barua yako ya tarehe kumi na mbili imenifikia leo. Ilianguka nyuma ya kiti cha basi ikaenda Bukoba na kurudi kwa siku kumi na mbili. Imesafiri kuliko wewe. Lakini Penina wako alinipigia simu tarehe kumi na sita, akajitambulisha kwa heshima, akasema, “Mama, mfumo umepona, tafadhali jaribu.” Nikajaribu siku ya pili asubuhi.

Picha ilifika nzima. Daktari Klaudia alijibu baada ya dakika arobaini. Mtoto mzima, vidole vyote, moyo safi. Kondo la nyuma liko chini na limefunika mlango wote. Asibebe kitu, asisafiri ovyo, apimwe tena wiki ya thelathini na mbili, na kama halijapanda, atoke kijijini akae karibu na hospitali, azae kwa upasuaji kabla uchungu haujaanza.

Nimekusamehe kabla sijamaliza kusoma ukurasa wa kwanza. Nami ninalo la kusamehewa, maana nimekuficha muda mrefu kuliko ulivyonificha wewe.

Mama wa Majaribio ni mimi.

Kaa chini kama umesimama.

Yuster ndiye aliyenipima, mara zote mbili, na Datius ndiye pekee mwingine anayejua. Unakumbuka mwaka ule mlipokuja Nshamba na nguo za mtoto, wewe ukiwa kidato cha pili, mkazirudisha. Mara ya pili hukuambiwa. Wifi zangu walikuwa wameshafuma sweta. Nilizikunja mwenyewe, nikazigawa hapa hapa kituoni, na kila nikimwona mtoto amevaa ile ya njano nilikuwa namsalimu kwanza yeye kuliko mama yake. Nikaapa kwamba ikitokea tena sitaki mtu ahesabu siku pamoja nami. Ikikatika, ikatike mikononi mwangu tu.

Lakini nilitaka mtu mmoja aitazame ile picha aifurahie bila kunionea huruma. Ndiyo maana nilikutumia flashi. Ulipoandika kwamba unaijua pua yake, nilisoma mstari huo nikiwa zamu, nikamfungia mgonjwa bandeji kwenye mkono usio na kidonda.

Sasa umejua. Usimwambie baba yako. Usimwambie bibi, maana ataagiza mbuzi. Nitakuja Bukoba mwezi wa saba. Niulizie chumba karibu na hospitali, kisichovuja.

Shangazi yako,
Consolata


Bukoba
29 Aprili 2024

Shangazi, Shangazi, waitu, jamani Shangazi,

Shikamoo mara arobaini na tatu.

Nilikaa chini. Kisha nikasimama, nikaenda hadi kwenye mashine ya maji, nikarudi, nikakaa tena. Penina akauliza kama nimefiwa. Nikasema, “Hapana, kinyume chake.” Akangoja nieleze, nikakumbuka umenikataza, nikasema nina furaha ya binafsi. Ameandika kwenye ubao wa ofisi: “Evarist ana furaha ya binafsi, asisumbuliwe.”

Yaani yule ni ndugu yangu. Miezi miwili nimemgeuza herufi, nikamrudisha kuwa picha, nikamkata nusu, nikamuunga, nikamtuma hospitalini mara sitini na moja, nikampa jina “picha1”, na nikamchanganya na tezi ya Mzee Kyaruzi. Hajazaliwa na tayari ana kesi dhidi yangu.

Mkataba: Penina ameniongezea miezi sita, kwa sharti moja. Kuanzia Julai nitazunguka vituo vyote kumi na viwili vya Muleba, hadi visiwani kwa wavuvi, nikaeleze kwa mdomo wangu kilichotokea na kuangalia mfumo kwa macho yangu. Alisema, “Mtu aliyeona uso wa anayebonyeza ‘Tuma’ haachi mstari wa majaribio ndani.”

Kwa hiyo wewe ukija Bukoba mimi nitakuwa Muleba, na chumba changu kitakuwa wazi. Ni dakika kumi kwa bajaji hadi hospitali. Dirisha nimeshalipeleka kwa fundi. Kitanda kimerudi ukutani. Datius akitaka kuosha vyombo, nina sahani tatu.

Sijamwambia mtu. Ila jana bibi alinipigia, akaniuliza kwa nini Consolata hanywi kahawa. Nikasema sijui. Akasema, “Hujui kudanganya, umerithi kwa babu yako,” akakata simu. Nadhani mbuzi yuko njiani.

Mwanao,
Evarist


Kashai, Bukoba
9 Agosti 2024

Mwanangu Evarist, huko ulipo,

Bwana asifiwe sana. Nimeambiwa uko kisiwani na simu inashika ukipanda jiwe. Nampa barua hii mfanyabiashara wa dagaa anayevuka kesho, jina lake Maulida. Ameapa hataiweka karibu na samaki wala injini.

Amefika. Jumanne, tarehe sita, saa nne asubuhi. Msichana. Kilo mbili na gramu mia saba.

Kondo halikupanda. Daktari Klaudia alipanga siku, akaniambia nije nimeoga na nisiwe mkunga siku hiyo. Sikuweza. Nililala kwenye meza nikamuuliza muuguzi kama amehesabu vitambaa, nikamkumbusha Daktari dawa ya kuzuia damu. Akasema, “Sista, leo wewe ni mgonjwa. Nyamaza nikushone.” Damu ilikuwa nyingi, sitakuficha. Walikuwa wameshaweka chupa tatu za damu tayari kwa jina langu, na mbili zilitumika. Nilisikia Klaudia akisema kwa sauti ya chini, “Hili lingetokea barabarani,” na hakumaliza sentensi. Mimi nilikuwa naijua sehemu iliyobaki.

Kisha akalia. Si mimi, mtoto. Alilia kama mtu aliyenyimwa haki yake.

Datius alikuwa nje na bibi. Ndiyo, bibi. Alitoka Kagoma Jumatatu na mkungu wa ndizi kichwani, baada ya kumwambia baba yako, naye baba yako akaendesha gari kimya hadi Bukoba, akasimama mbele yangu akasema, “Consolata,” akashindwa kuongeza. Kwa kaka yangu hiyo ni hotuba. Datius alipopewa mtoto, yeye anayefundisha watoto sabini kwa sauti ya kuvunja vioo, alimsalimu kwa kunong'ona. Muuguzi akamuuliza, “Baba, jina la mtoto?” Akanitazama. Nami nikamtazama. Miezi tisa hatukuthubutu hata mara moja kutaja jina mbele ya mwenzake. Kwa hiyo siku tatu hizi kitanda chake kilikuwa kimeandikwa “Mtoto wa Consolata”, na mimi nilikuwa nayasoma maneno hayo kila nikigeuka.

Leo asubuhi tumetoka hospitali, tuko chumbani kwako. Bibi ndiye aliyemaliza shauri. Alimshika kichwa, akamwangalia sana, akasema, “Huyu ni Kokuhirwa. Aliyebahatika.” Hakuna aliyepinga. Na pua ni ile ile uliyoisema. Njoo uhakikishe mwenyewe.

Nataka kukueleza jambo moja, kisha nikuache. Mchana huu nilisinzia. Miaka ishirini na moja nimelala na kuamka kwa vilio vya watoto wa watu, na nikisikia kimoja miguu inajua kazi yake: nasimama, nafungua mlango, namwita mama yake. Basi nikasikia mtoto analia. Nikaketi kitandani, nikaangalia mlangoni nione ni mama gani anakuja. Nikangoja. Nikaanza kukasirika, nikasema kwa sauti, “Jamani, mama wa mtoto huyu yuko wapi?”

Datius alikuwa anaosha sahani zako. Akageuka na povu mikononi, akaninyooshea kidole mimi.